Mwenye Nguvu Mpishe: Historia ya Haki ya Mwenda kwa Miguu

Wazee wetu walituachia methali isemayo, "Mwenye nguvu mpishe." Mtu yeyote aliyepata kuvuka barabara kuu katika mji wowote wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa methali hii, maana miguu yake imekwisha kuifahamu. Lakini yafaa tuitazame vizuri. Methali hii ni shauri la busara. Yamwambia mnyonge ajiepushe ili apate kuishi. Haimwambii kwamba asipojiepusha akaumia, basi mwenye nguvu hana deni. Kati ya shauri hilo na hukumu hiyo pana masafa makubwa, na historia ya haki ya mwenda kwa miguu ni historia ya masafa hayo: jinsi sheria ilivyolitwaa shauri la busara ikalifanya hukumu, na jinsi ilivyoanza, polepole na kwa kusitasita, kuitengua hukumu hiyo.

Kabla ya motokaa njia zetu zilikuwa za miguu. Toka Bagamoyo hata Ujiji, masafa yapitayo kilometa 1,000, wapagazi walitembea na mizigo kichwani na begani, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama ambao wangeweza kukokota magari. Mapito yalikuwa membamba, na ugomvi wa njiani ulikuwa wa mtu na mtu. Hapakuwa na haja ya sheria ya kumlinda mwenda kwa miguu, kwa sababu karibu kila mtu alikuwa mwenda kwa miguu. Motokaa ilipofika, ilikuta sheria mpya imekwisha kuletwa, na sheria hiyo ilikuwa ya Kiingereza. Kwa amri za Serikali ya Uingereza, sheria ya mapokeo ya majaji wa Kiingereza, pamoja na sheria za Bunge lao zihusuzo watu wote, zilipokewa Kenya kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, Uganda kama zilivyokuwa tarehe 11 Agosti 1902, na Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa hiyo mtu atakaye kujua kwa nini mjane wa Morogoro au wa Nakuru hupata fidia au huikosa, hana budi kuanza safari yake mbali, katika barabara za Uingereza za zama za farasi.

Huko Uingereza, tangu karne za kati, palikuwa na desturi ya ajabu. Kitu chochote kilichosababisha kifo cha mtu, kikiwa gari, gurudumu, farasi au mti ulioanguka, kilihesabiwa kuwa na hatia, na chenyewe au thamani yake ilichukuliwa kwa ajili ya mfalme. Jina la desturi hiyo kwa Kilatini lilikuwa na maana ya "kitu cha kupewa Mungu," kwa kuwa ilinenwa kwamba mfalme ataitumia mali hiyo kwa kazi za sadaka. Kwa karne nyingi desturi hii haikumsumbua mtu sana. Ilipokuja reli, mambo yakabadilika. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1841, gari la moshi la kampuni ya Great Western liliacha njia mahali paitwapo Sonning, na wafanyakazi waliokuwa wakisafiri katika mabehewa ya wazi wakafa. Baraza la raia waamuzi likaitoza injini na mabehewa yake pauni 1,000. Msomaji na aangalie jambo moja, maana tutalirudia: hata kama fedha hizo zingelipwa, wajane hawakuwa na haki nazo. Gari liliua, na mfalme ndiye aliyedai.

Ama mjane mwenyewe, mlango wake ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1808. Mwaka huo mtu mmoja alimshtaki mwenye gari la abiria la kukokotwa na farasi. Gari lilikuwa limepinduka, mkewe akaumia, na baada ya mwezi mmoja hivi akafariki. Jaji Mkuu, Lord Ellenborough, aliamua kwamba mume aweza kulipwa kwa hasara na huzuni ya siku zile ambazo mkewe alikuwa hai na mgonjwa. Lakini tangu saa ya kufa kwake hakulipwi kitu, kwa sababu katika mahakama ya madai kifo cha binadamu hakihesabiwi kuwa dhara linaloweza kudaiwa. Matokeo ya hukumu hiyo yalikuwa mabaya kuliko alivyokusudia jaji. Dereva aliyemvunja mtu mguu alikuwa na deni; aliyemuua kabisa hakuwa nalo. Kisheria, kuua kulikuwa rahisi kuliko kujeruhi.

Sheria hii ilidumu muda wa miaka 38. Mwaka 1846 Bunge lilipitisha sheria mbili kwa pamoja, kwa juhudi ya mwanasheria Lord Campbell. Ya kwanza iliifuta ile desturi ya kutwaa kitu kilichoua. Ya pili iliwapa mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu haki ya kumdai aliyesababisha kifo. Twaweza kusema kwamba siku hiyo deni la damu lilihama kutoka mkononi mwa mfalme likaenda nyumbani kwa mfiwa. Hata hivyo majaji waliipunja haki hiyo mapema. Mwaka 1852 waliamua kwamba kinacholipwa ni hasara ya fedha tu, yaani riziki ambayo marehemu angaliwapatia watu wake. Machozi hayakuwa na bei. Mtoto mdogo ambaye hajaanza kuchuma alionekana, kwa kipimo hiki, kuwa hasara ndogo. Kipimo hiki kilikuja kwetu pamoja na mengine, na athari yake ingaliko katika mahakama zetu hata leo.

Lakini mlango uliofunguliwa mwaka 1846 ulikuwa na kizingiti kirefu. Mdai alipaswa kuthibitisha uzembe wa dereva, kisha yeye mwenyewe, au marehemu wake, awe safi kabisa. Lord Ellenborough yule yule, mwaka 1809, alikuwa ameshiriki katika hukumu nyingine iliyojulikana sana. Mtu mmoja wa Derby alikuwa akitengeneza nyumba yake akaweka boriti barabarani. Mpanda farasi akaja mbio jioni, akajikwaa na boriti ile, akaumia. Mahakama ilisema kwamba, kwa kuwa mpanda farasi hakuwa mwangalifu, hapati kitu, ijapokuwa mwenye boriti naye alikosa. Hivyo ndivyo ilivyoanzishwa kanuni kwamba kosa dogo la aliyeumia huifuta haki yake yote. Kwa mwenda kwa miguu kanuni hii ilikuwa kama wembe shingoni. Ni nani avukaye barabara ambaye wakili hodari hawezi kumtafutia kosa moja dogo?

Majaji wenyewe waliona ugumu huo, wakatafuta upenyo. Mwaka 1842 walishughulika na kesi ya punda. Mwenye punda alikuwa amemfunga miguu ya mbele akamwacha ale majani kando ya barabara, na gari la farasi watatu likashuka mteremko kwa kasi, likamkanyaga. Mwenye punda alikosa, maana hakupaswa kumwacha mnyama aliyefungwa barabarani. Hata hivyo alishinda, kwa sababu dereva angaliweza kumwona na kumwepa. Kanuni ikawa kwamba aliyekuwa na nafasi ya mwisho ya kuepusha dhara ndiye mwenye lawama. Basi punda akapata haki yake. Miaka 33 baadaye, mwaka 1875, mwanamke aliyekuwa akitembea barabarani alipigwa na farasi waliotimka baada ya kushtushwa na mbwa, huku mtumishi akijitahidi kuwazuia wasishikike. Mwanamke huyo alishindwa. Majaji walisema kwamba watembeao barabarani, wakiwa kwa miguu au kwa magari, hawana budi kuvumilia madhara ambayo uangalifu wa kawaida hauwezi kuyazuia. Hapo ndipo methali yetu, bila ya majaji kuijua, ilipogeuka kuwa hukumu. Hatari iliyoletwa barabarani na mwenye farasi ilibebwa na asiye na farasi.

Tusidhani kwamba sheria yote ya zama zile ilimsahau mwenda kwa miguu. Ilipoanza kuonekana mitambo ya mvuke barabarani, Bunge liliogopa. Sheria ya mwaka 1865 iliamuru kwamba mitambo hiyo isizidi mwendo wa maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini, na kwamba mtu atangulie mbele yake kwa hatua 60 hivi, akichukua bendera nyekundu. Sharti la bendera lililegezwa mwaka 1878, lakini mtu wa kutangulia alibaki. Watu wengi huicheka sheria hii leo. Mimi naona ilikuwa na wazo moja la kuheshimiwa: mgeni ndiye apaswaye kubisha hodi. Wazo hilo liliondolewa mwaka 1896, Bunge lilipoyafungua magari mepesi na kuyaruhusu kwenda hata maili 14 kwa saa. Tarehe 17 Agosti ya mwaka huo huo, katika viwanja vya Crystal Palace mjini London, Bridget Driscoll aligongwa na motokaa iliyokuwa ikionyeshwa kwa watazamaji, akafa. Ndiye mwenda kwa miguu wa kwanza katika Uingereza anayejulikana kuuawa na motokaa. Baraza lililochunguza kifo chake lilikata shauri kwamba ilikuwa ajali, na dereva hakushtakiwa. Afisa aliyeongoza uchunguzi alieleza tumaini lake kwamba jambo kama hilo halitatokea tena.

Upande wa pili wa bahari ya Atlantiki vita vya barabara vilipiganwa kwa silaha ya lugha, na sisi tushughulikao na maneno yatupasa tuvitazame. Katika miaka ya 1910 na 1920 watu wa miji ya Marekani waliudhika mno kwa vifo vya watoto barabarani. Mwaka 1923, katika mji wa Cincinnati, watu zaidi ya 40,000 walitia sahihi ombi kwamba kila motokaa ifungwe kifaa cha kuizuia isipite maili 25 kwa saa. Wauzaji na wenye magari walipiga kampeni kubwa, na ombi likashindwa katika kura. Tangu hapo wenye magari walishika njia nyingine: walilieneza neno jaywalker, ambalo twaweza kulifasiri kuwa "mshamba asiyejua kutembea mjini." Mji wa Los Angeles ulitunga amri kali mwaka 1925 ya kuwazuia watu wasivuke popote wapendapo, na miji mingine ikaiga. Neno la dhihaka likawa jina la kosa. Aliyekuwa mwenyeji wa barabara akawa mvamizi wake. Ilichukua karibu karne nzima kabla jimbo la California halijatunga sheria, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa mwaka 2023, ya kuwakataza polisi kumkamata avukaye barabara pasipo hatari ya kugongwa.

Wakati huo wote palikuwa na fikra nyingine iliyokuwa ikikua. Mwaka 1897 Bunge la Uingereza lilikubali kwamba mfanyakazi aumiaye katika kazi za hatari alipwe na tajiri wake bila kuthibitisha uzembe wa mtu. Hoja ilikuwa rahisi: afaidikaye na mashine na agharimie madhara yake. Hoja hiyo ilikubaliwa ndani ya lango la kiwanda, ikakataliwa nje yake. Mtu aliyevunjwa mguu na mashine ya tajiri kiwandani alilipwa. Aliyevunjwa mguu na lori la tajiri yule yule barabarani aliambiwa alete ushahidi.

Wafaransa ndio walioliondoa lango hilo kwa uwazi zaidi. Mwaka 1925 msichana mmoja aligongwa na lori katika mji wa Belfort akaumia vibaya. Mahakama za chini zilimtaka mama yake athibitishe kosa la dereva. Shauri lilipanda hata mahakama ya juu kabisa, nayo, tarehe 13 Februari 1930, ikaamua kwamba mwenye kukitawala kitu kilichodhuru hudhaniwa kuwa na dhima mpaka aonyeshe kwamba dhara lilitokana na jambo la nje lisilozuilika. Mzigo wa ushahidi ulihama begani mwa msichana ukaenda begani mwa mwenye lori. Sheria ya tarehe 5 Julai 1985, iliyotungwa Robert Badinter alipokuwa Waziri wa Sheria, ilikwenda mbele zaidi. Kwayo, mwenda kwa miguu aliyejeruhiwa hulipwa, isipokuwa kama kosa lake halisameheki na ndilo peke yake lililosababisha ajali. Mtoto wa chini ya miaka 16 na mzee wa zaidi ya miaka 70 hulipwa hata hivyo, isipokuwa kama alilitafuta dhara hilo kwa makusudi. New Zealand nayo, tangu mwaka 1974, iliiacha kabisa njia ya mashtaka, ikaanzisha mfuko wa umma umlipao kila aliyeumia kwa ajali.

Uingereza haikwenda hivyo. Iliihifadhi kanuni ya uzembe, kisha ikaitia dawa moja baada ya nyingine. Sheria ya mwaka 1930 iliwalazimisha wote wenye magari kukata bima kwa ajili ya watu wengine wanaoweza kudhuriwa. Sababu yake ilikuwa ya dhahiri: hukumu dhidi ya dereva asiye na mali ni karatasi tu. Cha kusikitisha ni kwamba sheria hiyo hiyo iliondoa mpaka wa mwendo wa motokaa. Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa katika barabara za Uingereza, na karibu nusu yao walikuwa waenda kwa miguu. Mwaka huo Bunge likaweka tena mpaka wa mwendo mijini, maili 30 kwa saa, likaanzisha vivuko vilivyowekewa alama, na likaifuta kanuni ya kale iliyosema kwamba haki ya kudai hufa pamoja na mtu. Mwisho, mwaka 1945, ile kanuni ya boriti ya Derby ilizikwa. Tangu hapo kosa la aliyeumia halifuti haki yake, bali hupunguza fidia kwa kadiri ya kosa lenyewe. Mwaka uliofuata makampuni ya bima yaliafikiana na Serikali kuanzisha shirika la kuwalipa waliogongwa na magari yasiyo na bima.

Sasa turudi kwetu. Msomaji atakumbuka zile tarehe tatu za kupokewa sheria. Maana yake ni kwamba nchi zetu zilipokea sheria ya Kiingereza katika hali yake ya ukali, kabla ya dawa hizo kupatikana. Sheria ya mwaka 1846 ilikuja, lakini ilikuja pia kanuni kwamba kosa dogo hufuta haki yote, na kanuni kwamba haki hufa na mtu. Marekebisho ya mwaka 1934 na ya mwaka 1945 hayakuvuka bahari yenyewe. Yalingoja kutungwa upya na mabaraza ya huku, na Kenya na Tanganyika hazikupata sheria kamili za namna hiyo mpaka katikati ya miaka ya 1950. Bima ya lazima ilitangulia kidogo, maana sheria zake zilitungwa Kenya na Tanganyika mwaka 1945. Kwa hiyo kwa muda wa miaka mingi mtu wa Nairobi alikuwa chini ya kanuni ambayo watu wa London wenyewe walikuwa wamekwisha kuitupa.

Ni haki pia kukumbuka kwamba pwani yetu ilikuwa na fikra yake juu ya jambo hili kabla ya Mwingereza. Katika sheria ya Kiislamu mtu auaye pasipo kukusudia hudaiwa diya, ambayo kipimo chake cha asili ni ngamia 100, na hulipwa kwa jamaa za marehemu. Hapaulizwi kama muuaji alikuwa mzembe kwa kipimo cha wakili. Yatosha kwamba damu imemwagika kwa mkono wake. Tena mzigo huo haumwelemei peke yake. Hubebwa na jamaa zake wa upande wa baba, ambao wanasheria huwaita aqila. Mtu akitafakari ataona kwamba aqila na bima ni ndugu: wengi wachangia kidogo kidogo ili mmoja asifilisike na mfiwa asikose. Katika Oman na nchi nyingine za Ghuba diya ingali hulipwa kwa vifo vya barabarani. Kwetu, chini ya utawala wa Waingereza, makadhi waliachiwa ndoa, talaka na mirathi, na shauri la damu likatolewa mikononi mwao. Kamusi zetu zimelihifadhi neno dia, kama nyumba ihifadhivyo ufunguo wa mlango usiokuwapo tena. Fidia tumepata kwa Waarabu, bima kwa Wahindi, na kanuni ya uzembe kwa Waingereza. Na mwenda kwa miguu wetu asimama katikati ya lugha hizo tatu, asijue ni ipi iliyo yake.

Je, haki yake ni ipi leo? Katika Kenya na Tanzania aliyegongwa, au wategemezi wake akifa, aweza kumdai dereva, pamoja na mwenye gari ikiwa dereva alikuwa katika kazi yake. Akishinda, kampuni ya bima yapaswa kuilipa hukumu, ingawa katika Kenya sheria imeweka kikomo cha shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Pikipiki nayo ni chombo kipaswacho kuwa na bima kama lori. Muda wa kufungua madai kwa kawaida ni miaka 3. Kama mdai naye alikosa, fidia hupunguzwa, haifutwi. Na majaji hawawi wepesi kumtia mtoto mdogo lawama ya uzembe, kwa kuwa akili ya kukadiria mwendo wa gari bado hajaipata.

Haki hizi ni za kweli, lakini hupotea njiani kabla ya kumfikia mwenyewe. Wa kwanza katika wezi wake ni kuchanganya kesi mbili. Dereva hupelekwa mahakamani kwa kosa la jinai, hutozwa faini, na jamaa za marehemu hurudi nyumbani wakidhani shauri limekwisha. Faini ile imekwenda Serikalini. Hapa na tuikumbuke tena injini ya Sonning: gari limeua, mfalme amechukua chake, mjane amebaki kama alivyokuwa. Lakini kinyume na zama zile, hukumu ya jinai siku hizi ni mwanzo wa haki ya mfiwa. Sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania zasema kwamba dereva aliyetiwa hatiani, muda wa rufani ukiisha, hawezi tena kubisha mbele ya mahakama ya madai kwamba hakutenda kosa hilo. Kazi ngumu kuliko zote, ile ya kuthibitisha uzembe, imekwisha kufanywa na mwendesha mashtaka wa Serikali. Kinachotakiwa ni nakala ya hukumu hiyo, taarifa ya polisi, hati za hospitali, na jina la kampuni ya bima. Ni wangapi walioambiwa hivyo siku ya faini?

Mwizi wa pili ni suluhu ya haraka. Jamaa za dereva huja msibani na pole zao, gunia la mchele na fedha kidogo za mazishi, na watu wazima huketi wakaelewana. Sipendi kuidharau desturi hii, kwa sababu ndani yake mna ubinadamu ambao mahakama haina, na roho ya dia i humo bado. Lakini bima ilikatwa kwa ajili ya siku ile ile, na malipo yake hayatoki mfukoni mwa dereva maskini. Mfiwa apokeaye mchele na kunyamaza, mara nyingi huisamehe kampuni deni ambalo hakujua kwamba anaidai.

Mwizi wa tatu ni lugha. Kwa miaka mingi baada ya uhuru sheria zetu ziliandikwa kwa Kiingereza, na hukumu zikaandikwa kwa Kiingereza, hata katika nchi ambayo shahidi, dereva, polisi na hakimu wote walisemezana kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria, ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Katika Kenya mahakama za chini zaruhusiwa kutumia Kiswahili, lakini Mahakama Kuu na ya Rufani zimeshika Kiingereza. Badiliko la Tanzania ni kubwa, lakini lugha haitimizi kazi kwa kutajwa katika sheria. Hutimiza kwa kutumiwa na watu walioizoea. Tunayo maneno. Tunalo fidia, uzembe, mtegemezi, dhima, mdai na mdaiwa. Tunachokosa ni maandishi mepesi yaliyowekwa katika vituo vya polisi na wodi za majeruhi, yamwambiayo mtu kwa Kiswahili safi: una haki hii, una muda huu, anza hapa. Kuyaandika ni kazi ya wanasheria pamoja na walimu wa lugha, wala si kazi ya miaka mingi.

Liko pia swali lililo zito kuliko lugha. Duniani kote watu wapatao 1,190,000 walikufa barabarani katika mwaka 2021, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Katika Kenya, mwaka baada ya mwaka, kundi kubwa zaidi la wafao ni waenda kwa miguu. Wengi wao ni watu wasiokuwa na gari, wala hawatakuwa nalo. Wakati huo huo sheria yetu ingali ikimwambia mjane athibitishe uzembe, na ikiwa gari lilikimbia lisijulikane, au dereva akaonekana kuwa hakukosa, aondoke mikono mitupu. Wafaransa walikwisha kuona kwamba mtoto wa miaka 8 na lori la tani 10 hawawezi kupimwa katika mizani moja. Kwa fikra yangu, nchi zetu zingeweza kuanza na hao: mtoto, mzee na kilema, walipwe na bima bila kuulizwa kosa. Gharama ingeenea kwa wenye magari wote, kama vile diya ilivyoenea kwa jamaa.

Methali ya wazee itabaki, na ni vema ibaki. Mwalimu na aendelee kuwafundisha watoto kutazama kuume na kushoto, na mzazi na amwambie mwanawe ampishe mwenye nguvu. Lakini hakimu na mtunga sheria hawakupewa kazi ya kuwarudia watu shauri hilo. Kazi yao ni kuhakikisha kwamba mwenye nguvu, akishindwa kusimama, atalipa. Na kwamba atakayelipwa ni mtoto aliyelala wodini na mama aliyeketi kando ya kitanda chake.